Nani yupo kwenye barafu? Akili bandia na picha za angani katika kuchunguza nyayo za binadamu kwenye ncha za dunia

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Ndugu zangu, salamu kutoka Lubumbashi. Katika mjadala wetu wa ramani za machimbo, mmoja wenu aliuliza kama kuna mahali popote duniani ambapo sheria inaruhusu kuchunguza shughuli za watu kwa ndege, wakati wowote, bila kumwomba ruhusa mwenye nchi. Mahali hapo papo, napo ni Antaktika, bara la barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia.

Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini Washington tarehe 1 Desemba 1959 na nchi 12 na kuanza kutumika mwaka 1961, unasema katika kifungu chake cha 7 kwamba nchi zenye haki ya kuteua wakaguzi zinaweza kuchunguza kutoka angani sehemu yoyote ya bara hilo, saa yoyote zitakayo. Walioandika maneno hayo walikuwa wakifikiria ndege na kamera za filamu, kwa kuwa setilaiti za kupiga picha hazikuwa zimeanza kazi. Mlango walioufungua ndio unaopitiwa leo na setilaiti, droni na programu za akili bandia. (Katika zile nchi 12, Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini peke yake. Ubelgiji nayo ilikuwamo, ikiwa bado inatutawala, na ikiwa imebakiwa na miezi saba kabla ya kuondoka kwetu.)

Kulitazama bara hilo kutoka juu ni jambo la zamani. Mwezi Februari 1902, mpelelezi Mwingereza Robert Falcon Scott alipanda puto lililofungwa kwa kamba, na Ernest Shackleton aliyemfuata akapiga picha za kwanza za angani za Antaktika. Katika msimu wa 1946–1947, Wamarekani walipiga picha zipatazo 70,000 kwa ndege. Sisi wachora ramani tunaikumbuka kazi hiyo kwa sababu nyingine: nyingi ya picha hizo hazikuweza kupachikwa mahali pake kwenye ramani, kwa kuwa hapakuwa na alama za ardhini zilizopimwa, na msimu uliofuata ilibidi wapelekwe watu wengine kuzipima. Picha isiyojulikana imepigwa wapi hupendeza ukutani, lakini haipimi kitu.

Sasa tunatafuta nini huko? Hatutafuti sura za watu. Tunatafuta majengo, viwanja vya ndege, njia za magari ya minyororo, matangi na mapipa ya mafuta, mahema, gati, meli, na ardhi iliyochimbuliwa au kukanyagwa. Bara lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 14, lakini sehemu isiyofunikwa na barafu haifiki asilimia 1. Kwenye mwamba huo mkavu, hasa ulio karibu na bahari, ndipo pengwini wengi wanapotaga na mimea midogo inapoota, na ndipo pia kila nchi inapotaka kujenga kituo chake. Mwaka 2019, watafiti wakiongozwa na Shaun Brooks wa Australia walichapisha vipimo vilivyochukuliwa juu ya picha za setilaiti, kituo baada ya kituo. Majengo peke yake yalizidi mita za mraba 390,000, lakini ardhi isiyo na barafu iliyovurugwa kuyazunguka ilizidi mita za mraba milioni 5.2. Maana yake ni kwamba anayehesabu mapaa tu anaiacha nje sehemu kubwa ya jambo lenyewe.

Kupima hivyo kwa jicho na mkono kunachosha. Unakuza picha, unabofya kona ya kwanza ya paa, ya pili, ya tatu, ya nne, unafunga umbo, unaandika aina yake, unahamia paa linalofuata. Baada ya saa chache macho yanaanza kuona kona pasipo na kona. Ndiyo sababu watu wameigeukia mitandao ya neva, yaani programu zinazoonyeshwa maelfu ya maumbo yaliyokwisha kuchorwa na binadamu, hadi zinaanza kuyachora zenyewe kwenye picha zisizowahi kuziona.

Hoja yangu ni hii, na ndiyo ninayotaka tuijadili. Mashine hizi zinafanya kazi vizuri Antaktika kwa sababu moja ambayo haisemwi sana: bara hilo halina wenyeji. Kona ya mraba, mstari ulionyooka kwa kilomita tano, doa jeusi lililosimama mahali pamoja kwa misimu mitatu, vyote vina uwezekano mkubwa wa kuwa vya mgeni, na mgeni huyo ana nchi iliyomtuma inayotakiwa kutoa taarifa. Swali la mashine linabaki jepesi: kuna mtu, au hakuna? Ukiihamisha mashine hiyo hiyo kwenda mahali wanapoishi watu, iwe Aktiki, yaani upande wa ncha ya kaskazini, au huku kwetu kwenye machimbo kati ya Likasi na Kolwezi, swali linakuwa jingine kabisa, na jibu lake linaweza kumwumiza mtu.

Mzee wa Ruashi (Lubumbashi)

Mwanangu Mchora-Ramani, nimekusoma kwa utulivu, na ninakupinga mahali pawili.

Kwanza, usiwafanye watu waamini kwamba setilaiti inahitaji kifungu cha 7 ili itazame Antaktika. Setilaiti haiombi ruhusa popote. Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kuichunguza dunia kutoka anga za juu tarehe 3 Desemba 1986, na kanuni hizo hazimlazimishi mwenye setilaiti kupata kibali cha nchi inayotazamwa. Zinaipa nchi hiyo haki ya kupata takwimu hizo bila ubaguzi na kwa bei ya kiasi. Kwa hiyo Kongo inatazamwa kama Antaktika inavyotazamwa. Tofauti ni kwamba huko ndege na droni nazo zimefunguliwa njia.

Pili, unasema mashine inauliza kama kuna mtu. Nijuavyo mimi, niliyefanya kazi ya upimaji wa ardhi tangu enzi za teodoliti, kile kifaa cha kupimia pembe, kifaa hakioni mtu. Mtu akisimama, ukamtazama kutoka juu, unaona mabega na kichwa, upana wa nusu mita. Setilaiti gani itamwona huyo? Tuambie kwa tarakimu, si kwa maneno ya jumla.

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Papa, heshima kwako. La kwanza nalikubali kama ulivyolisema, na linaipa hoja yangu nguvu zaidi kwa upande wa droni.

Kuhusu tarakimu, tuchukue pipa la mafuta la lita 200, kwa kuwa ndicho kitu kinachokutwa kwenye kambi nyingi za zamani za Antaktika. Lina kipenyo cha karibu sentimita 58 na urefu wa karibu sentimita 88. Setilaiti ya kibiashara ya WorldView-3 huona kwa pikseli, yaani vipande vidogo vinavyounda picha, vya sentimita 31 hivi inapotazama chini moja kwa moja. Pipa lililolala linakuwa pikseli mbili kwa tatu. Ukizikuza pikseli hizo sita unaona doa la kijivu lenye kingo zilizofifia, lisilo na umbo la pipa hata kidogo. Mtu aliyesimama, kama ulivyosema, hafiki hata pikseli mbili kwa mbili. Kwenye Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya ambayo picha zake ni za bure na ambayo pikseli yake bora ni mita 10, pipa na mtu wote hupotea, hema dogo hupotea, na linalobaki ni jengo kubwa, uwanja wa ndege au njia iliyopitwa mara nyingi.

Kinachookoa kazi ni jua. Kule jua huwa chini hata mchana wa kiangazi, kwa hiyo kila kitu kilichosimama hutupa kivuli kirefu juu ya theluji nyeupe. Mlingoti wa redio, ambao kutoka juu ni nukta isiyoonekana, hutoa mstari mweusi wa mita nyingi. Mchoraji mzoefu hutafuta kivuli kwanza, kisha anarudi nyuma hadi kwenye kitu chenyewe, na mashine iliyofundishwa kwa picha nzuri hujifunza jambo hilo hilo bila kuambiwa. Ila ukiifundisha kwa picha za Januari peke yake, halafu ukaipa picha za Oktoba, vivuli vimebadilika urefu nayo inachanganyikiwa.

Kisha kuna mawingu. Wingu jeupe juu ya theluji nyeupe ni kama chumvi iliyomwagika kwenye unga wa muhogo. Jicho la kawaida halina la kufanya. Hapo husaidia bendi ya mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa karibu maikromita 1.6. Theluji huumeza mwanga huo ikaonekana nyeusi, ilhali wingu la matone ya maji huurudisha likabaki jeupe. Programu yoyote ya kuchunguza ncha za dunia isiyotumia bendi hiyo ningeitilia shaka kabla sijaifungua.

Volkano-Goma (Himbi, Goma)

Wakubwa, naomba niongeze kutoka Goma, kwa sababu kuna jambo linalotuunganisha na Antaktika ambalo wengi hapa hawalijui. Katika Kisiwa cha Ross kuna volkano inayoitwa Erebus, yenye urefu wa mita 3,794, na ndani ya kreta yake kuna ziwa la lava ambalo limedumu kwa miongo mingi. Volkano za aina hiyo duniani ni chache mno, na Nyiragongo yetu imo katika orodha hiyo hiyo fupi. Chini ya mlima huo, kando ya bahari, ndipo kilipo McMurdo, kituo kikubwa cha Marekani, ambacho wakati wa kiangazi huwa na watu wapatao elfu moja.

Ninalitaja hilo kwa ajili ya swali la joto. Mtu angefikiri kwamba njia rahisi ya kumtafuta binadamu kwenye barafu ni kutafuta joto lake. Joto la lava ya Erebus na la Nyiragongo hupimwa na vyombo vile vile, mathalani MODIS iliyo kwenye setilaiti za Terra na Aqua, lakini pikseli ya joto ya chombo hicho ina upana wa kilomita moja. Lava yenye joto la karibu nyuzi elfu moja huangaza hata ikijaza sehemu ndogo tu ya pikseli hiyo. Nyumba ya watu iliyopashwa joto hadi nyuzi ishirini, na kufungwa vizuri ili joto lisitoke, haionekani. Kwa hiyo chombo kinachotuambia sisi wa Goma kwamba mlima umeamka kinaweza kupita juu ya kituo chenye watu elfu moja kisiwaone.

Swali langu kwako, Mchora-Ramani: wakati wa usiku wa ncha, jua lisipochomoza kwa miezi kadhaa, unatumia nini?

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Rada, ndugu yangu. Setilaiti ya Sentinel-1, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, hutuma mawimbi yake yenyewe na kusubiri mwangwi, kwa hiyo giza na mawingu haviizuii. Jengo la chuma hurudisha mwangwi mkali na kuonekana kama nukta inayong'aa. Theluji kavu huyaacha mawimbi yaingie mita kadhaa kabla ya kurudi, jambo linalofaa kwa yeyote anayetafuta vitu vilivyofunikwa. Ubaya wake ni kwamba rada pia hupenda barafu iliyovunjika, ambayo kona zake hurudisha mwangwi kama chuma.

Ipo pia njia ya kutazama taa za usiku kwa chombo cha VIIRS, kilichorushwa mwaka 2011, ambacho kinaweza kuona hata mwanga hafifu wa meli zinazovua. Kwenye ncha za dunia chombo hicho hukutana na mwanga wa rangi unaocheza angani, ule unaoitwa aurora, nao hukijaza macho. Asipokuwapo mtu wa kuikagua picha, programu inaweza kuripoti taa mahali ambapo hakuna hata mshumaa.

Binti Ibanda (Bukavu)

Kaka Mchora-Ramani, na Papa wa Ruashi, ninawasalimu wote. Nimevutiwa na mjadala, lakini naona umeipita Aktiki haraka mno, na ndiko hoja yako ilikokuwa ikielekea. Aktiki ina watu takriban milioni 4, wakiwamo Wainuit, Wasami, Wanenets na wengine wengi ambao mababu zao waliishi hapo kabla ya ramani yoyote. Mashine inayosema «nimeona uwepo wa binadamu» huko inasema nini kipya? Na je, watu hao waliulizwa?

Nauliza pia kuhusu meli. Sisi wa pwani ya Kivu tunajua jinsi ilivyo vigumu kujua ni nani aliye ziwani usiku, na ziwa letu si kubwa. Bahari ya Kusini inalindwaje?

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Dada yangu, umegusa penyewe. Nianze na Aktiki.

Ipo kazi iliyochapishwa mwaka 2021 na watafiti wakiongozwa na Annett Bartsch, ambao walichanganya picha za Sentinel-1 na Sentinel-2 na kuzipitisha kwenye programu za akili bandia, ili kuchora majengo, barabara na sehemu nyingine zilizobadilishwa na binadamu katika ukanda wa kilomita 100 kutoka pwani za Aktiki zenye ardhi iliyoganda. Walikuta kwamba tangu mwaka 2000 eneo hilo la shughuli za watu lilikuwa limeongezeka kwa takriban asilimia 15, yaani kilomita za mraba kama 180, na sehemu kubwa ya ongezeko ilitokana na mafuta na gesi. Kazi hiyo naiheshimu kwa sababu haikusimama kwenye kuhesabu. Iliuliza pia ni majengo mangapi yamekaa juu ya ardhi itakayoyeyuka kufikia mwaka 2050, na hilo ni swali ambalo mwenyeji mwenyewe angependa lijibiwe.

Huko ndiko picha zinakofaa watu. Tarehe 29 Mei 2020, tangi la dizeli lilipasuka karibu na Norilsk, mji wa Urusi wa nikeli na shaba, shaba kama hii yetu. Tani zipatazo 20,000 zikamwagika, na siku chache baadaye mto Ambarnaya ulionekana mwekundu kwenye picha za Sentinel-2 ambazo mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kuzifungua. Yeyote aliyeishi karibu na kiwanda cha kuyeyushia madini anaelewa uzito wa picha ambayo mwenye kiwanda hawezi kuifunga.

Lakini sasa tazama rasi ya Yamal, wanakoishi wafugaji wa Kinenets. Wao hufuata wanyama wao wa jamii ya kulungu kwa mamia ya kilomita kila mwaka, wakihama na mahema yao ya ngozi. Mashine inayopitia picha ya Julai itaona hema. Ya Septemba haitaliona. Kwa programu iliyofundishwa kwa majengo, kambi hiyo si makazi, na pengine haimo katika orodha ya vitu ilivyoambiwa ivitafute. Matokeo yake ni ramani inayoonyesha bomba la gesi na barabara ya gesi kama uwepo wa binadamu, huku njia ya malisho iliyotumika kwa vizazi ikibaki nyeupe, kana kwamba ni ardhi tupu. Mwekezaji akiishika ramani hiyo mkononi, ataona nafasi.

Nimeliona jambo hilo hilo hapa kwetu, kwa kipimo chetu. Katika ramani moja niliyopewa niihakiki, kambi za wachoma makaa hazikuwamo kabisa, kwa sababu turubai zao huhamishwa kila msitu unapopungua. Mapaa ya mabati ya kampuni yalikuwamo yote, hadi kibanda cha mlinzi. Programu haikukosea kwa mujibu wa mafunzo yake. Aliyeifundisha ndiye aliyeamua nini kihesabiwe kuwa mtu.

Kuhusu kuulizwa: Baraza la Aktiki, lililoanzishwa Ottawa mwaka 1996, lina mashirika sita ya watu wa asili kama washiriki wa kudumu, wanaokaa mezani pamoja na mataifa. Wao ndio wangepaswa kuamua ni alama zipi zichorwe na zipi ziachwe, kwa mfano maeneo ya makaburi au ya kuwinda. Kuweka takwimu mezani baada ya kazi kumalizika si kuuliza.

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Naendelea na meli, ili ujumbe wa kwanza usizidi kuwa mrefu.

Meli nyingi hutangaza mahali zilipo kwa redio, kwa mfumo unaoitwa AIS. Mvuvi asiyetaka kuonekana huzima chombo hicho. Mwezi Januari 2024, watafiti wa Global Fishing Watch, shirika linalofuatilia uvuvi, walichapisha matokeo ya kupitisha picha za setilaiti za miaka 2017 hadi 2021 kwenye programu za akili bandia, na wakakuta kwamba takriban robo tatu ya meli za uvuvi wa viwandani duniani hazionekani katika mifumo ya wazi ya ufuatiliaji. Hiyo ni bahari ya kawaida. Kwenye bahari yenye barafu, kila kipande kinachoelea kinaweza kujifanya meli.

Mwaka 2017 kampuni ya mafuta ya Statoil ya Norwe na taasisi ya C-CORE ya Kanada waliweka mashindano ya wazi kuhusu jambo hili tu. Walitoa vipande vidogo vya picha za rada za Sentinel-1, kila kimoja pikseli 75 kwa 75, vipande 1,604 vya kufundishia, pamoja na pembe ambayo mawimbi yalipigia bahari. Swali lilikuwa moja: hii ni meli, au ni mlima wa barafu unaoelea? Vifungueni vipande hivyo mkipata nafasi. Ni doa jeupe katikati ya chengachenga za kijivu, na mara nyingi binadamu hawezi kutofautisha. Mashine hutofautisha vizuri kuliko sisi, kwa kulinganisha mwangwi wa doa unaopokelewa katika mielekeo miwili tofauti ya wimbi, lakini hata hivyo hukosea.

Halafu baada ya kuiona meli, nani atakwenda? Meli ya Thunder, iliyokuwa ikivua samaki wa thamani kinyume cha sheria karibu na Antaktika, ilikutwa Desemba 2014 na meli ya Sea Shepherd, shirika la kutetea viumbe wa bahari, ikafuatwa kwa siku 110 kupitia bahari kadhaa, na ikazama tarehe 6 Aprili 2015 katika maji ya Sao Tome, huku huku Afrika. Kilichoiangusha ni watu waliokubali kuifuata kwa zaidi ya miezi mitatu. Setilaiti ingeweza kufupisha kutafuta. Kufuata kungebaki pale pale.

Mzee wa Ruashi (Lubumbashi)

Sasa unasema vizuri, mwanangu, maana umefika kwenye swali la nani atakwenda. Kule Antaktika hakuna polisi. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoongezwa kwenye Mkataba wa Antaktika, imekataza uchimbaji wa madini na imeweka masharti ya taka na ya maeneo yaliyohifadhiwa, lakini kila nchi huwashitaki watu wake yenyewe. Mkaguzi akiona kosa, huandika ripoti, na ripoti husomwa mkutanoni. Je, mashine itabadilisha nini, ikiwa mwenye kosa ndiye hakimu?

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Papa, itabadilisha muda kati ya tendo na kujulikana kwake, na wakati mwingine hilo linatosha. Mwaka 2023 taasisi ya CSIS ya Washington ilitumia picha za setilaiti kuonyesha kwamba China ilikuwa imeanza tena ujenzi wa kituo chake cha tano cha Antaktika, katika Kisiwa cha Inexpressible. Kituo hicho, Qinling, kilifunguliwa Februari 2024. Picha zilionyesha ujenzi ukiendelea. Hazikuonyesha antena zitasikiliza nini, na wachambuzi wakajaza pengo hilo kwa kukisia. Ndiyo maana nasema kifungu cha 7 ni kizuri kuliko wengi wanavyodhani: kimeruhusu kutazama kutoka angani, na katika aya nyingine kimewapa wakaguzi haki ya kuingia kwa miguu katika kituo chochote wakati wowote. Picha imwambie mkaguzi aanzie wapi. Mlango aufungue mwenyewe.

Pengine faida kubwa iko kwa watalii kuliko kwa mataifa. Katika misimu ya karibuni, zaidi ya watu 100,000 kwa msimu mmoja wamefika kwa meli, wengi wao kwenye Rasi ya Antaktika. Chama cha waendesha ziara, IAATO, kimeweka kanuni kwamba wasizidi watu 100 nchi kavu kwa wakati mmoja mahali pamoja, na kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isiteremshe mtu. Anayehakikisha ni waendesha ziara wenyewe. Mashua ya mpira ya mita tano ina pikseli kama 16 kwa urefu kwenye picha bora, hiyo inahesabika. Tayari droni na mitandao ya neva zimewahesabu pengwini: mwaka 2018 ilichapishwa hesabu ya Visiwa vya Danger iliyokuta jozi 751,527 za pengwini wa Adélie, kundi lililogunduliwa kwanza kwa rangi ya kinyesi chao kwenye picha za Landsat, setilaiti za Marekani. Programu inayoweza kumhesabu ndege wa sentimita sabini kwenye picha za droni haishindwi na mtalii mwenye koti jekundu. Kinachokosekana ni mtu wa kulipia picha za siku ile ile meli inapofika.

Volkano-Goma (Himbi, Goma)

Nina wanafunzi wanaotaka kujifunza kazi hii, na hatuna fedha za kununua picha za sentimita 31. Tuanzie wapi?

Mchora-Ramani (Kamalondo, Lubumbashi)

Anzieni Kisiwa cha King George, huko Antaktika, kwenye rasi ya Fildes. Hapo vituo vya Chile, Urusi, China na Uruguay viko karibu kiasi kwamba vimeunganishwa na barabara za changarawe, na kuna uwanja wa ndege ambao unaonekana bila shida kwenye pikseli za mita 10. Picha za Landsat zimekuwa za bure tangu mwaka 2008, na za Sentinel-2 ni za bure tangu mwanzo. Chagueni Januari na Februari, theluji inapokuwa imeyeyuka pwani, na mtegemee kutupa picha nyingi kabla ya kupata moja isiyo na mawingu, kwa kuwa sehemu hiyo hufunikwa karibu wakati wote.

Msianze na mashine. Kila mwanafunzi achore kwa mkono eneo lile lile, bila kuona kazi ya mwenzake, kisha mlinganishe. Mtakuta mnabishana kuhusu mahali barabara inapoishia na ardhi iliyokanyagwa inapoanzia. Andikeni mlivyokubaliana, maana makubaliano hayo ndiyo mtakayoifundisha programu. Mkikosa intaneti ya kutosha, pakueni usiku, kipande kimoja kimoja cha eneo, badala ya picha nzima.

Barabara zote za rasi hiyo nitazichora mimi wiki hii na kuziweka hapa. Majengo nawaachia Goma. Nani kutoka Bukavu atachukua pwani?

Binti Ibanda (Bukavu)

Nitaichukua mimi. Nitumie mipaka ya eneo, na uniambie kama gati na mapipa ya ufukweni yanahesabiwa kwangu au kwa watu wa majengo.